Mashine Inazunguka, Taa Imezimwa

Bi Mkanda hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimuuliza kwa nini filamu ya mkanda na siyo dijitali, jibu lake lilikuwa moja: "Nenda kaangalie. Ukirudi hujaona, tatizo ni macho." Basi, hakuna hotuba.

Jina hilo alibandikwa na wauza bisi wa ukumbi wa sinema alikofanyia kazi, na lilimganda hata miaka ile ambayo hapakuwa na mkanda wowote wa kushika. Dijitali ilipoingia, mashine za filamu ziliuzwa kama chuma chakavu na yeye akashushwa mlangoni kukata tiketi. Alizikata amenuna, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka watengenezaji wakubwa wa sinema walipoanza kutaka picha zao mpya zionyeshwe kwenye filamu pana, ile ya milimita sabini. Ukumbi ukanunua mashine moja. Ndipo wakakumbuka kwamba kuna mama pale mlangoni.

Nyumbani habari kwamba amerudishwa kwenye mashine ilipokelewa kama msiba. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa ameshamtengea kiti karakanani: apokee wateja, apokee simu, arudi nyumbani mapema kama binadamu wengine.

"Picha ni picha," alisema. "Iwe kwenye simu, iwe ukutani, mtu akipigwa ngumi anaanguka. Tofauti iko wapi?"

"Njoo uone."

"Na nikija nisiione?"

"Naacha kazi. Nakuja kukupokelea simu zako mpaka uote mvi za nyusi."

Dada wa mume, ambaye ugomvi wa watu haumpiti, alidakia. "Wifi, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe! Macho ya huyu yameshaungua na cheche. Wewe mwenyewe akikuona ni kwa kubahatisha."

Wakacheka wote, isipokuwa Bi Mkanda. Kazi aliyoililia miaka yote ameiweka rehani kwa macho ya mchomeleaji. Lakini ndiyo hivyo, alishasema, na mbele ya wifi mtu harudishi neno mdomoni.

Mchana wa onyesho alipanda chumba cha mashine, ambacho kina kioo kikubwa kinachotazama mapokezi ili wateja wamwone akifanya kazi. Kifaa chake cha kutoa mvuke hakikuwepo. Akateremka. Akakikuta nyuma ya bango la sinema, kinafuka ukungu mweupe, na vijana wamepanga foleni wapigwe picha ndani yake.

"Bosi, hicho ni changu," alimwambia meneja.

"Mama, angalia watu wanavyokifurahia! Tumeshasambaa mtandaoni."

"Kule juu kiyoyozi kinakausha hewa. Filamu ikikauka inashika umeme, inagandana kama nguo za sufu."

"Onyesho moja tu, mama. Itakufa?"

Alitakiwa akichomoe pale pale na kupanda nacho. Alikuwa ameshainama. Lakini mumewe ndiyo kwanza anaingia, kavaa shati la harusi, kakata tiketi yake mwenyewe, anatazama huku na huku kama mgeni mahakamani. Bi Mkanda hakutaka aonekane mke mgomvi siku hiyo. Akamwacha meneja na ukungu wake.

Filamu yenyewe hulala kwenye sahani kubwa ya chuma. Inajifungua kutoka katikati, inapita kwenye mashine mbele ya taa, inarudi kujikunja kwenye sahani nyingine. Nusu ya kwanza ilitembea kama maji. Alichungulia kwenye kijidirisha: jangwa zima limejaa ukutani, mchanga unatembea chembe kwa chembe, weusi wa usiku ni weusi kweli, siyo kijivu kilichopakwa masizi. Akamtafuta mumewe kwa kisogo. Yuko safu ya katikati, ametulia. Ona, mzee wangu. Ona.

Ndipo tabaka mbili za filamu zikagandana, zikanyanyuka pamoja, zikajizonga katikati ya sahani. Filamu za siku hizi hazikatiki, zinavunja mashine kwanza. Akarukia swichi, akazima.

Kando yake mtambo wa dijitali ulikuwa ukitembea sambamba, lenzi imezibwa, ukisubiri dharura. Meneja alikuja mbio na kuufungua kwa mkono wake. Ukumbini giza lilipita kama kupepesa jicho, picha ikaendelea.

"Tuwatangazie," alisema Bi Mkanda, anahema.

"Tuwatangazie nini? Umesikia mtu akilalamika?"

Wakatega sikio. Watu walikuwa wanatafuna bisi.

"Wamekuja kuona filamu, bosi."

"Wamekuja kufurahi, na wanafurahi. Tulia, mama."

Onyesho lilipokwisha alishuka. Mumewe alimpokea kwenye ngazi, macho mekundu. Alikuwa amelia, mtu mzima yule.

"Umenishinda, mke wangu. Nakubali. Mwanzoni nilikuwa sioni kitu, nikasema leo huyu kwisha habari yake, kesho yuko karakanani. Lakini pale katikati, sijui mlifanya nini! Picha ikatulia, ikang'aa. Nikasema kumbe! Kumbe hii ndiyo filamu!"

Bi Mkanda alifungua mdomo. Mbele ya watu wote wale alishindwa, akaufunga.

Na meneja, aliyesimama hatua mbili nyuma, aliyasikia yote. Watu walipoondoka alimwita pembeni, anatabasamu kama aliyeokota pesa.

"Umemsikia mzee? Hakuna anayejua! Sasa kwa nini tuhangaike? Mtambo utaonyesha dijitali, na wewe utaizungusha filamu hapo kwenye kioo, taa imezimwa. Watu wanapenda kuona inazunguka. Bango linabaki vile vile."

"Huo ni uongo."

"Ni maonyesho, mama. Sinema yote si uongo?"

Asubuhi yake, chai ikiwa haijamiminwa, alimweleza mumewe kila kitu. Kifaa cha mvuke, filamu kujizonga, lenzi ya pili kufunguliwa, mpango wa meneja.

Mume alizungusha kikombe kitupu mezani. "Kwa hiyo ile niliyoipenda?"

"Dijitali."

"Na ile ya mwanzo, niliyokuwa siioni?"

"Ile ndiyo yangu."

Hata mtu asiyejua sinema angejua hapo pameharibika kitu.

"Basi naacha," alisema Bi Mkanda. "Kile kiti chako bado kipo?"

"Uache nini tena?" Mume aliruka kama amemwagiwa maji. "Nimeshawaambia mafundi wote wa mtaani! Jumamosi wanakuja kukuona. Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi iishie kwangu. Tafadhali, mama. Usinitie aibu."

Ungetamani kusikia kwamba alipiga meza, akasusa, akaenda kutangaza ukweli sokoni. Hakufanya hivyo. Jumamosi alipanda chumbani, akapitisha filamu kwenye mashine kwa mikono inayojua kazi, akawasha mota. Taa hakuigusa. Sahani zikazunguka.

Nje ya kioo mafundi wamejazana, na mumewe yuko mbele yao, anawaonyesha kwa kidole inapoingia na inapotokea. Anawaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. Akampungia mkono.

Bi Mkanda naye akampungia.