Siku Nilipopima Maji ya Kadutu kwa Mwanga

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshakisikia kisa hiki kwa watu wengine, na kila mtu ameongeza chumvi yake: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule bwana aliyekuwa akiwapungia watu mkono kutoka ng'ambo ya korongo huku maji yanamkimbia miguuni. Nimechoka kukana. Nikipita sokoni Kadutu hakosekani mtu wa kuinua mkono na kunipungia, wenzake wanacheka, na mimi naitikia, nifanye nini.

Ilikuwa wakati wa vita, mji uko mikononi mwa waasi, na mimi nafanya kazi ya maji katika ofisi moja ya misaada. Nilikuwa nakaa Nguba, karibu na ziwa, ambako bomba likikauka unateremka na ndoo yako na kurudi bila kuulizwa na mtu. Kadutu haikuwa hivyo. Mtaa niliopewa ulikuwa unachota maji bondeni, na pale bondeni askari walikuwa wameweka barrière yao, kizuizi cha kukagua wapitao, kwa hiyo mwanamke aliposhuka na bidon, dumu lake la maji, hakujua atapanda akiwa amebakiwa na nini. Wanawake wa mtaa walimtuma Maman Nsimire, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mtu wa maneno machache, akaja ofisini akasimama mbele ya meza yangu (kiti alikikataa).

"Papa Enjeniere, hatuombe maji mingi," akasema. "Tuko naomba maji ya huku juu, fasi askari haiko."

Basi, mahali pasipo na askari. Hakuna mwaka nilioombwa jambo jepesi kulielewa kama hilo.

Maji ya juu yalikuwepo. Ng'ambo ya korongo, upande wa pili wa kilima, kulikuwa na chemchemi nzuri, na upande wetu kulikuwa na kiwanja cha parokia. Mpango ulikuwa kujenga kisanduku cha saruji pale chemchemi, kuteremsha bomba hadi chini ya korongo na kulipandisha tena mpaka parokia. Maji yanapanda yenyewe, hayahitaji mashine, ila yana sharti moja tu: robinet, yaani koki ya kuchotea, iwe chini kidogo kuliko chemchemi. Na kiwanja cha parokia kilikuwa karibu usawa ule ule na chemchemi. Nafasi tuliyokuwa nayo ilikuwa shubiri moja, labda na nusu.

Fundi wangu, Muzee Cirhuza, mwashi aliyejenga nusu ya ngazi za Kadutu, alitaka tupime usawa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, hatua kwa hatua, kushuka korongo na kupanda. Siku mbili za kazi, na njia yenyewe inapita karibu na barrière. Mimi sikutaka. (Niliogopa, nikiri na hilo.) Tena nilikuwa na kitu changu: kalamu ya laser, nyekundu, aliyoniachia mzungu mmoja wa ofisini aliyekuwa akiitumia kuonyeshea ramani, nami nikaitembeza mfukoni miezi mitatu nikitafuta sababu ya kuitoa. Nikawaza, naifunga juu ya niveau ya mwashi, kile kipimausawa chake, naiweka sawa pale kitakapokaa kisanduku, naelekeza ng'ambo, na doa litakapotua ukutani mwa parokia ndipo usawa wenyewe ulipo. Dakika moja. Nani ashuke korongoni?

Kwa kuwa mwanga ule hauonekani kwenye jua, tulifanya kazi alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri. Muzee Cirhuza alisimama parokiani penye shuka jeupe tulilotundika ukutani, mimi nikabaki chemchemini, mita themanini hivi hewani. Nikaifunga kalamu kwa mpira wa baiskeli, na hapa ndipo shetani aliponikuta: niliiweka kitufe kikiangalia juu, kwa sababu tu hivyo mpira ulikikandamiza vizuri na sikuhitaji kukishika kwa kidole. Jambo dogo namna hiyo.

Sasa nyie hamkusoma mambo haya, mimi niliyasoma, ndiyo maana aibu ni yangu. Kalamu kama ile haitoi mwanga wa mviringo. Ndani yake mwanga unatoka kwenye kitundu kama mwanya wa mlango, mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine, na unatawanyika zaidi kule kwenye wembamba, halafu kuna kilenzi cha plastiki kinachojitahidi kuukusanya na hakiwezi. Kwenye ramani ya ofisi doa lilikuwa kama punje ya mchele, na nani anajali kwamba punje si duara? Lakini upeleke mwanga huo mita themanini, na ile punje inakuwa muhogo. Na kwa vile kitufe kilikuwa juu, muhogo wangu ulisimama wima. Ningeigeuza kalamu robo tu ungelala, na kosa lingekwenda kushoto na kulia, ambako maji hayana habari nako.

Muzee Cirhuza aliuona. Alipiga kelele kutoka ng'ambo:

"Papa Enjeniere! Hii kitu haiko point, iko mustari! Iko mrefu sawa mukono yangu! Nitie alama fasi gani?"

Ningeweza kuvuka nikaangalie. Ilikuwa nusu saa ya kuteleza na jasho, na kule bondeni askari walikuwa wameanza kuamka. Nikauliza tu kama kuna mahali panapong'aa zaidi. Akasema kichwani, juu, mkia wa chini umefifia.

"Basi tia juu!" nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Turudilie na tuyau, ile mpira ya maji, papa, tuhakikishe."

"Muzee, hii ni laser!"

Akatia alama. Tukapima kutoka alama ile, tukaweka robinet shubiri moja chini yake, tukalaza bomba, tukamwaga saruji, nikaandika ripoti.

Siku ya kuzindua walikuja wote. Viti vya parokia vilipangwa, kwaya, utepe, chef wa mtaa na karatasi yake ya hotuba, wanawake na mabidon yao yamepangwa foleni tangu asubuhi, na la Maman Nsimire lilikuwa la kwanza. Mimi nilivaa suti. Padiri akabariki, akanyunyizia robinet maji ya baraka (na siku ile hiyo ndiyo robinet pekee niliyopata kuona inapewa maji badala ya kuyatoa), kisha Maman Nsimire akaombwa afungue.

Akafungua. Pfuuu, upepo. Akageuza mpaka mwisho. Upepo nao ukakoma.

Kwaya ikarudia wimbo mara ya pili, mara ya tatu, na watu wote wakanitazama mimi. Nikasema ni hewa imekwama, mambo ya kawaida, nipeni dakika. Kumbe nilishaelewa: usawa wa kweli ulikuwa katikati ya ule mstari, si kichwani. Nilijua yamebaki kidogo, kwamba yako mle ndani ya bomba chini tu ya mdomo wa robinet, na kwamba nikiyainua kidogo kule kisandukuni yatafika. Badala ya kusema ukweli nikakimbia korongo lote kwa viatu vya misa, nikafika chemchemini, nikavua koti la suti, nikalisokomeza kwenye trop-plein, lile tundu la kutolea maji yanayozidi. Maji yakaanza kupanda kisandukuni. Tone kwa tone, kule ng'ambo robinet ikakohoa tope, na nikasikia vigelegele. Nikapunga mkono.

Lakini chemchemi ukiizibia mdomo inatafuta mlango mwingine. Udongo uliokuwa chini ya kisanduku ukaachia. Ng'ambo walikuwa wanapiga kelele "Toka! Toka hapo!" na mimi, masikini, nikadhani bado ni shangwe, nikapunga mikono yote miwili, mpaka njia ikaondoka chini ya miguu yangu na nikateleza kwa makalio mita kumi mbele ya parokia nzima. Muzee Cirhuza alivuka mbio, akanipita, akavuta koti. Mkono mmoja wa koti ukatoka, mwingine ukabaki tunduni. Alishindana nao kwa muda mrefu kabla haujatoka.

Kesho yake alifunga kipande cha mpira wake kwenye robinet, akakiinua, tukaangalia maji yalipotulia. Vidole vinne chini ya mdomo. Aliniachia niangalie mwenyewe. Kupandisha chemchemi hakuwezekani, kwa hiyo ilibidi kuishusha robinet, yaani kuchimba shimo kiwanjani, lenye ngazi za kushuka. Nilichimba pamoja naye siku tatu, mbele ya watu, na walicheka mpaka nikazoea.

Siku tatu hizo wanawake waliendelea kuchota bondeni. Siku ya pili, mchana, Maman Nsimire alipanda kutoka kule. Hakuwa na bidon. Hakuwa na viatu, na kitenge kilikuwa kimechanika begani. Wanawake waliokuwa wamekaa wakinitania wakainuka. Nilikuwa ndani ya shimo, nikamtazama kutoka chini.

"Inabakia mingi, Papa Enjeniere?" akauliza.

"Kidogo, maman. Kesho."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye lundo la udongo, akaangalia ninavyochimba.

Nimeapa, na mnishuhudie: fundi akinipigia kelele kwamba haoni vizuri, nashuka, navuka, naenda kuangalia kwa macho yangu, hata kama njiani kuna askari. Hayo ya koti tutaendelea kuyacheka, sina kinyongo. Ila mkifika kwenye siku zile tatu, naomba msinitanie. Maman Nsimire alishuka kwa sababu mimi nilikataa kushuka.