Joka Bado Linamngoja Otieno

Leo tumepigana na joka saa nne nzima, na ndani ya mchezo haijaisha hata dakika moja.

Niwaeleze msiojua. Kila Jumamosi tunacheza hadithi mezani kwangu, hapa mtaani Makina. Mimi nasimulia, mchezaji anasema shujaa wake atafanya nini, kisha anarusha dadu. Mashujaa wetu ni vifuniko vya soda.

Vita huenda kwa foleni, kama pale mferejini tukichota maji. Ukitoka, kifuniko chako kinashika nafasi kama mtungi. Hakuna anayekuchezea zamu yako: tunakungoja, au tunakuruka.

Otieno alikuwa anahamia Kisumu leo, basi la saa kumi. Alitaka pigo moja tu kwa hilo joka kabla ya kuaga.

Wanjiku, anayetoka Kawangware, akarusha mshale. Nami nikaanza kueleza jinsi upepo unavyopinda mshale.

(Nilifundisha miaka mingi. Mnanijua.)

"Mwalimu, hilo joka litakufa kwa uzee!" Wanjiku akasema.

Tukacheka. Nikaendelea kueleza.

Nilipomaliza, zamu ilikuwa ya Otieno. Alikuwa ameshasimama na begi lake.

"Wasee, basi haiwezi kuningoja. Kifuniko changu msikiguse."

Akapunga mkono, akaenda.

"Tumruke?" Wanjiku akauliza, polepole.

Wachezaji wakaacha vifuniko pale pale, wakaondoka mmoja mmoja.

Nawaandikia kutoka sayba, kwenye kompyuta ya kukodi. Je, nyinyi mngemruka?

Mimi sijatoa kitu mezani, hata kifuniko cha Otieno. Chai nimeinywa nikiwa nimesimama, kikombe mkononi.