Mamba wa Chumba cha Kompyuta

Mwalimu wa kompyuta ana sauti ya kubembelezea kichanga. Hupita nyuma ya wanafunzi wangu wa darasa la kwanza akiwafunika mikono kwa kitambaa, wasichungulie vitufe. "Macho kwenye skrini, wanangu," hunong'ona. Katika mchezo wao wa mtandaoni, herufi hudondoka kutoka juu. Ukichelewa kubonyeza, umeliwa. Muhula mzima, kileleni mwa ubao wa alama amekaa mchezaji mmoja asiyejulikana, anayejiita Mamba. Leo kasichana kadogo kuliko wote kalimpita, darasa likalipuka kwa vifijo.

Wakati wa mapumziko nilirudi chumbani humo kuchukua miwani niliyoisahau, nikapigwa na butwaa mlangoni. Mwalimu alikuwa peke yake, viatu kavua, ulimi nje, vitufe vikitatarika kama bisi kikaangoni. "Umekwisha, katoto wewe!" alifoka. Skrini ikaandika: Mamba, wa kwanza. Nikarudi kinyumenyume, miwani nimeiacha.

Watoto waliporudi, yule msichana aliutazama ubao wa alama, akaangua kilio. Mwalimu akapiga magoti, akamfuta machozi kwa kitambaa kilekile.

"Pole, mama," alimbembeleza. "Huyo Mamba hana hata haya."