Ndege Isiyokuwa na Sauti

Baba yangu, Emrys, alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alfajiri alizunguka mashambani kukusanya maziwa, saa nne asubuhi kazi imekwisha, na kabla hajavua hata viatu alikuwa dirishani anapima mawingu. Yakiwa juu, alipanda mlimani kutazama ndege za jeshi. Yakiwa chini, alikaa jikoni amenuna, mpaka mama anasema afadhali angepanda tu akalowe huko huko.

Watu wa mjini hudhani ndege hutazamwa kwa kuinua shingo. Kwetu Wales tunainama. Marubani wa jeshi hujifunza kuruka chini chini wakifuata mabonde, basi ukikaa ubavuni mwa mlima ndege inapita chini ya miguu yako, na rubani unamwona na kofia yake. Hapo ndipo walipokaa baba na wenzake, kila mmoja na kamera, chupa ya chai na daftari. Na daftari ndilo lilikuwa dini yao. Kila ndege ina namba yake mkiani. Unaandika ile uliyoisoma kwa macho yako mwenyewe, basi. Ya kuambiwa haihesabiki. Ya kuonyeshwa kwenye picha ya mwenzako haihesabiki. Kulikuwa na bwana mmoja aliyewahi kuandika ya kuambiwa, na miaka kumi baadaye walikuwa bado wanamsengenya.

Nilianza kupelekwa nikiwa na miaka minne. Mama alikubali kwa sharti moja: nivae vikinga masikio. Alininunulia vile vya wakata miti, vyekundu, vikubwa kuliko kichwa changu. Idwal, muuza nyama, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana, akiniona tu anaanza.

"Rubani wetu kafika. Leo unarusha ipi?"

"Ile nyekundu."

"Jeshini hakuna nyekundu, bibie."

"Basi waipake rangi."

Siku hizo baba alikuwa na donda moja moyoni. Kulikuwa na kikosi cha ndege za zamani, zile ambazo mabawa yake hujikunja nyuma zikienda kasi. Alikwishaziandika zote isipokuwa moja, namba 714. Akienda yeye, haiji. Akilala na homa siku moja, ndiyo siku inayopita. Wenzake wakaibatiza Bi Harusi, maana kila siku inasubiriwa na kutoka ndani haitoki. Kwenye daftari nafasi yake aliiacha wazi.

Nilipokuwa na miaka mitano zikaja habari kwamba kikosi kizima kinastaafishwa. Alhamisi ndege zitapita bondeni kwa mara ya mwisho, zikitoka hapo ni kwenda kukatwa vyuma chakavu. Baba akaomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata siku niliyozaliwa, na mama hakuacha kumkumbusha. Mama naye alikuwa zamu, kwa hiyo nikaenda.

Asubuhi ile alikagua filamu mara mbili, betri mara mbili, lenzi aliifuta mpaka nikaionea huruma. Tukapanda. Tulipofika juu akafungua mkoba, akapekua, akapekua tena.

"Lowri, vikinga vyako viko wapi?"

"Mezani jikoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Idwal alicheka hadi akamwaga chai. Baba hakucheka. Alitazama njia ya kushukia, akatazama saa. Kwenda na kurudi ni saa nzima na ushee.

"Mimi siogopi," nikamwambia.

"Wewe huogopi. Mimi namwogopa mama yako."

Akavua skafu yake akanizungushia kichwani mara mbili, akaniketisha nyuma ya jiwe. Zikapita mbili za kwanza, zimeongozana. Sauti ya ndege ile haiji na ndege. Ndege inakupita kwanza, halafu sauti inakuangukia yote kwa mpigo. Skafu haikusaidia kitu. Sikupiga kelele, nilikwisha sema siogopi. Ila midomo ilikuwa inatetemeka na machozi yananitoka, na baba aliniona.

Ndipo yule aliyekaa mwisho kabisa, mwenye darubini, akapiga mluzi. "Emrys! Bi Harusi huyo!"

Kamera ilikuwa tayari jichoni. Baba akaiachia ikaning'inia shingoni, akapiga magoti mbele yangu, mgongo kaupa bonde, akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Vilikuwa vinanukia maziwa, hata siku ya ruhusa. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, amenikazia macho kama anayeuliza, vipi, uko sawa? Juu ya bega lake nikaiona ndege kubwa ya kijivu inapita bondeni kimya, haina sauti hata kidogo. Nikacheka. Alipogeuka, umebaki moshi.

"Umeiona?" Idwal akauliza.

"Sikuiona."

"Imepita hapa hapa, bwana. Umeisikia."

"Kusikia hakuandikwi," baba akasema, akanimiminia chai.

Mimi sikuelewa lolote. Kwa miaka nilibishana na watoto wenzangu shuleni kwamba kuna ndege ya kivita isiyokuwa na sauti, nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne Idwal aliponisikia nikiisimulia hiyo hiyo dukani kwake. Akaweka kisu chini, akanieleza yote. Nilirudi nyumbani mbio, nimefura kwa hasira.

"Mbona hukuniambia?"

Baba alikuwa anasugua matope ya viatu. "Nikwambie nini? Kwamba una masikio?"

Alifariki Februari iliyopita. Baada ya maziko watu walijaa jikoni kwetu, na Idwal, siku hizi anatembelea fimbo, akanivuta pembeni palipokuwa na daftari la baba. Akatoa kwenye koti picha aliyopiga siku ile. Namba 714 mkiani inasomeka bila miwani. Akafungua kalamu.

"Alikuwepo, Lowri. Hatua tatu kutoka kwangu. Nani atalalamika?"

Nilitaka, siwezi kusema uongo. Kalamu niliipokea, na mahali pa kuandika nilipafungua. Nikamrudishia.

"Mjomba Idwal, hakuiona. Alikuwa ananitazama mimi."

Idwal akaifunga kalamu. "Ni kweli," akasema, "alikuwa anakutazama wewe." Akarudisha picha kwenye koti. Nami nikalia mbele ya watu wote wale, na sikuona haya.