Rili Mbili Kuelekea Mbwera

Nilisafiri kwenda Mbwera kwa sababu kaka yangu Seif alikuwa ameacha kuvua, na mimi nilichoka kumsikia kwenye simu akisema hajambo.

Masika yaliyopita mshipi ulimzonga mkono wa kushoto, samaki akakimbia, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikakatika. Maisha yake yote Seif alivua kwa mshipi wa mkono. Alikuwa na boti yenye injini, na wageni waliotaka kuvua kwa kujifurahisha walimtafuta, kwa kuwa anaijua mikono ya mto na midomo yake yote. Baada ya ajali boti ikafungwa, naye akaingia shambani na mkewe kulima mpunga.

Mimi nauza zana za uvuvi katika duka moja Dar es Salaam. Wateja wengi huja kutafuta rili za maji ya chumvi, zile za bei mbaya. Rili ni kigurudumu kinachokaa chini ya fimbo, kinatoa mshipi na kuukunja ili mkono usiuguse. Siku moja nilikuwa namweleza mteja hivyo hivyo, "ili mkono usiuguse," nikanyamaza katikati ya sentensi. Mteja akaniangalia. Tangu siku hiyo sikutulia.

Akiba yangu ilitosha rili moja nzuri. Tajiri wangu akaniruhusu nichukue mbili za maonyesho pamoja na fimbo zake, kaka azijaribu, moja ibaki na nyingine irudi ikiwa imeoshwa kwa maji baridi.

Ijumaa asubuhi, Mbagala, nilipanda basi na begi mapajani. Kondakta alitaka kuliweka chini, nikakataa. Njia nzima nilikuwa nabadili mawazo. Rili ndogo ilikuwa nyepesi, mtu anaweza kurusha nayo chambo bandia kati ya mikoko kutwa nzima mkono usichoke. Kubwa ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia pilipili, lakini bobini yake ilimeza uzi mrefu wa kusuka, na breki yake ingemshika kolekole mkubwa kwenye mdomo wa mto, au nguru anayekimbia. Tulipofika Mkuranga nilikuwa nimeamua ndogo. Kabla ya Bungu nikawa nimeamua kubwa. Kibiti niliposhuka sikuwa na uamuzi wowote, na kichwa kiliniuma.

Jioni hiyo nililala Mtawanya kwa shangazi Mwajabu, dada wa marehemu baba. Alinipikia mihogo kwa nazi, akataka kuziona hizo mashine. Akazungusha ile ndogo, ikalia kwa sauti nyembamba.

"Inazunguka kama cherehani mpya," alisema. "Seif anajua unakuja nazo?"

"Hajui, shangazi. Anajua nakuja kusalimia."

"Basi jiandae. Nilimpelekea mchele wa pole, akasema hakufiwa."

Usiku ule niligeukageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Jumamosi, bodaboda ilinipitisha Ruaruke, katikati ya mikorosho, fimbo zikiwa zimefungwa ubavuni kama mikuki. Dikoni, boti zinapoegeshwa, maji yalikuwa bado yametoka. Boti ya abiria ilikaa juu ya tope, na hakuna aliyeonekana kujali ila mimi. Niliuliza lini maji yatajaa, nikauliza tena. Mama mmoja aliyekalia gunia la unga akaniambia, "Kaa, mwanangu. Hata ukisimama, maji hayakuoni." Nikakaa. Nikasimama tena.

Alasiri tulifika Mbwera. Wifi yangu Tatu alinipokea kwa kicheko na kunishikia begi. Seif alitoka nyuma ya nyumba, matope yamemfika magotini. Mkono wa kushoto aliuweka mfukoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Zena. Fimbo za nini hizo?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbagala. Yote yalinitoka. Nikafungua begi tu, nikamwekea rili zote mbili mkekani. "Nimekuletea uchague moja. Ndogo ya vijitoni, kubwa ya mdomoni mwa mto."

Aliziangalia bila kuzigusa. "Hizo ni za wageni. Mimi ni mkulima."

"Mkulima gani anayeamka kila alfajiri kwenda kuitazama boti?" Tatu alisema akiwa jikoni.

Seif akainuka, akatoka. Hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Jumapili asubuhi alikwenda shamba kama kawaida. Mimi nilizungukazunguka uani, nikafungua begi, nikalifunga. Tatu alikuwa anafagia. Akauegemeza ufagio ukutani, akajifunga kanga vizuri.

"Wifi, hizo mashine unajua kuzitumia?"

"Najua kuziuza."

"Inatosha. Chukua. Twende."

"Na boti nani ataendesha?"

"Mimi si nimeolewa na mvuvi?"

Tuliisukuma boti mpaka majini. Tatu akavuta kamba ya injini, ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena na tena, moshi ukatanda, mimi nikawa napiga kasia huku boti ikizunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu. Watu wa dikoni walianza kucheka. Ndipo nilipomsikia Seif anapiga kelele kutoka kwenye matuta ya mpunga: "Mtaiua injini! Tatu! Mafuta umeyafungua?"

Alikuja mbio, akaingia majini na nguo zake, akapanda. Akainama penye injini, akarekebisha, akavuta mara moja. Ikawaka. Alisimama pale akitazama ufukwe, akitutazama sisi, na nikadhani atatushusha.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Popote utakapotupeleka," Tatu akajibu.

Tukaingia kijito cha kwanza. Mikoko ilitubana pande zote mbili, mizizi yake nje, kaa wakikimbia juu ya tope. Seif aliishika fimbo yenye rili ndogo kwa mkono wa kulia, akarusha. Mara ya kwanza chambo kilining'inia kwenye tawi. Mara ya pili kiliangukia pale pale alipotaka, chini ya kivuli. Nikasema, kimya kimya, ni hii.

Lakini ilipofika kukunja, mkono wa kushoto ukagoma. Kirungu cha kuzungushia kwenye rili ndogo ni chembamba, kimetengenezwa kubanwa kwa vidole, na vidole vya kukibana hakuwa navyo. Alikizungusha mara tatu kikamponyoka. Samaki mmoja, mzia mdogo, alikula chambo, akajitikisa, akaenda zake. Nikahamishia mkono wa rili, ule wenye kirungu, upande wa kulia. Sasa fimbo ilikuwa kushoto, nayo ikamgeuka kiganjani kila alipokunja.

"Toa," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekwambia hizi si zangu."

Kabla ya adhuhuri tulifika mdomo wa mto, maji ya kahawia yanapokutana na ya kijani. Nadhani alikwenda huko kwa hasira tu. Nikampa kubwa, nikafunga kipande cha chuma chenye ndoano, akakishusha mpaka chini, akawa anakipandisha kwa kukurupua. Kilipofika katikati, fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji.

Rili ikalia. Uzi ulitoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona dukani, kwa kuwa dukani hakuna samaki. Uso wa Seif ukawa wa majivu. Alikuwa haangalii samaki, alikuwa anauangalia ule uzi.

"Kata!" akapiga kelele. "Zena, kata mshipi! Kata!"

Kisu nilichokatia uzi wakati wa kufunga chuma kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilinyanyua mkono. Tatu akaushika.

"Seif," alisema, "hauko mkononi mwako. Tazama. Hauko mkononi mwako."

Akatazama. Breki ilikuwa inautoa uzi pole pole sasa, na samaki anavuta, na mkono wake wa kushoto uko kando, haujaguswa na chochote. Akausogeza. Kirungu cha rili kubwa ni cha duara, kama ndimu kubwa, hakihitaji vidole. Kiganja kilikifunika kizima. Akazungusha. Akazungusha tena. Alikuwa anatweta, jasho linamtiririka kidevuni, na alikuwa anamwambia samaki maneno ya Kindengereko ambayo Tatu alikataa kunitafsiria.

Tulimwona kolekole, mpana, anang'aa ubavuni mwa boti. Kisha akapiga mkia, ndoano ikachomoka, maji yakajifunga.

Niliogopa kumtazama kaka yangu. Nilipomtazama alikuwa amekaa sakafuni mwa boti, ameuinua mkono wa kushoto mbele ya macho yake, anacheka na machozi yanamtoka. "Hajaniumiza," alisema. "Amekimbia hivyo, na hajaniumiza!"

Wakati wa kurudi, yeye ndiye aliyekuwa hatulii. Kubwa ni nzito, alisema, mgeni wa vijitoni ataichukia kabla ya saa sita, na yeye pia, maana siku nyingi ni za vijitoni. Ndogo hapana. "Huko dukani hakuna ya katikati? Yenye kirungu hiki?"

Ilikuwepo. Ilikaa kwenye rafu ya nyuma, na sikuwa nimeifikiria kabisa, kwa sababu nilikuwa nimechagua kwa kufikiria samaki.

Jumatatu niliondoka Mbwera na rili zote mbili. Wiki haikuisha kabla sijampelekea ile ya katikati kwa basi, hadi Kibiti, shangazi akaipokea. Kurusha chambo vijitoni, kushusha chuma kilindini, kuburuza nyuma ya boti, kila uvuaji una rili yake; hilo nililijua kabla sijaondoka nyumbani. Safari imenifundisha kuanza na mkono wa mtu. Sasa mteja akiingia na kuuliza ipi iliyo kali kuliko zote, namwomba kwanza anyooshe mikono yake juu ya meza. Wengine hucheka. Wote hunyoosha.

Juzi Tatu alinipigia simu. Hakunisalimia.

"Wifi, njoo umchukue kaka yako," alisema. "Ndege wanamaliza mpunga, na mlinzi wa shamba yuko majini tangu alfajiri."