Kufunga Waya za Ndege za Ghorofa

Nilitoka Homa Bay juu ya lori la omena, wale dagaa wa ziwani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha na sindano ya kushonea nyavu mfukoni. Lori liliharibika Kericho. Likaharibika tena baada ya Nakuru, na hapo tulipongoja fundi tulinyeshewa mvua ya mawe. Safari ya siku moja ilikula siku tatu. Nilipoingia Soweto West, Kibera, watu walinipisha njia bila kuombwa, kwa sababu ya harufu.

Binamu yangu alikuwa ameniambia kuna kazi ya kufunga nyuzi. Mimi nikajua ni nyavu. Asubuhi yake alinipeleka kwenye kibanda cha mabati, akanisukuma ndani, nami nikabaki mdomo wazi. Kutoka kwenye paa zilining'inia ndege za bati, kama arobaini hivi, kila moja ndefu kama mkono wangu. Zote zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya lingine, kama zile za vita vya wazungu tulizoziona kwenye kitabu cha historia shuleni. Watalii walizipenda. Pale kibandani ziliitwa ghorofa.

Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi aliyefagia karakana ya ndege ndogo kwa miaka mingi kabla ya kupunguzwa kazi. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Huyu ndiye mvuvi?"

"Sikuwa mvuvi, Jaduong'," nikajibu, kama tunavyowaita wazee kwetu. "Nilikuwa nashona nyavu."

"Kwa hivyo maji hujui na ndege hujui. Sawa. Hakuna kitu utalazimika kusahau."

Akanipa ghorofa moja niishike. Nililigusa bawa la juu kwa kidole tu, na likalala upande mzima kama mlevi. Nilidhani nimeharibu mali ya mtu dakika ya kwanza kazini. Kibanda kizima kikacheka.

"Hujavunja, omera," Fundi Mkuu akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Bado haijafungwa. Bati ni nguo tu. Kinachobeba ni waya."

Waya zenyewe zilikuwa nyuzi za nailoni, zile zile za kushonea nyavu, lakini tuliziita waya kwa sababu kwenye ndege ya kweli ni waya. Mabawa yalikatwa kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Nguzo, yaani vile vijiti vinavyotenganisha bawa la chini na la juu, zilikuwa za mianzi, nazo zilikaa kwenye matundu yao kwa ulegevu makusudi. Kazi ya kuzishika ilikuwa ya waya.

Waya ni za aina mbili, na kijana anayeanza lazima azitofautishe. Ya kupaa hutoka chini, ubavuni mwa ndege, ikipanda hadi ncha ya bawa la juu. Huzuia mabawa yasipinde kwenda juu ndege ikiwa hewani. Ya kutua hutoka juu katikati, ikishuka hadi ncha ya bawa la chini, na huzuia mabawa yasianguke ndege ikiwa ardhini. Zikikutana zinafanya msalaba. Unaanzia karibu na kiwiliwili ukielekea nje. Ukifunga moja kulia, inayofuata ni mwenzake wa kushoto, hata kama umeitwa chai. Ukimaliza upande mmoja kwanza, bawa litavutwa huko na halitarudi. Matundu yote hutobolewa kwa sindano kabla ya mabawa kusimamishwa. Ukimaliza, unagusa kila waya kwa ukucha na kusikiliza. Mapacha, wa kulia na wa kushoto, lazima walie sauti moja.

Mwaka wa pili kibanda kilihamia Kambi Muru, huko huko Kibera, na huko nikapata mshtuko mwingine. Ilikuwa Julai. Nilifika alfajiri kwenye ukungu, nikafunga ghorofa sita kabla ya wenzangu kuamka, nikajisifu. Saa saba jua likapiga mabati. Nilirudi kutoka kula nikakuta mabawa ya zote sita yamejikunja kama majani makavu. Nilipiga kelele. Nikasema kuna mtu ananionea wivu.

"Wivu gani?" Fundi Mkuu akauliza. "Nailoni inakunywa umande, inarefuka. Ikikauka inajivuta. Umezifunga zikiwa zimelewa, sasa zimepata akili."

Tangu siku hiyo sikufunga waya kabla ya saa nne, paa likiwa limepata joto. Na waya iliyolegea nilijifunza kuikaza bila kuifungua: unawasha kijiti cha udi, unapitisha kaa lake karibu na uzi bila kugusa, na uzi unajivuta wenyewe mbele ya macho yako. Ukigusa, umeukata.

Kisha tukahamia Kawangware. Mwenye Ploti, mfanyabiashara aliyezaliwa hapo hapo na kurithi shamba la babake, alinunua kazi yote na sisi ndani yake. Alitupa chumba cha mawe chenye umeme. Alileta chuma cha kulehemu. Nguzo za mianzi zikaondoka, zikaja spoki za baiskeli, na kila spoki ikalehemiwa juu na chini kwenye bati. Mimi niliendelea na benchi langu la waya. Nilikuwa mfunga waya pekee, na kwa miaka mitatu sikushika kazi nyingine.

Siku moja Mwenye Ploti alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Wewe kijana, hii ndege ilifika hapa jana asubuhi."

"Ndiyo, mzee."

"Na bado iko hapa. Mwenye bati anamaliza, mwenye rangi anamaliza, wewe unacheza gitaa. Hizi waya za nini?"

Fundi Mkuu aliinuka. "Bila waya si ndege, mzee. Wateja wanajua."

"Mteja gani? Nitajie mmoja."

Tulimtaja bibi mmoja mstaafu wa Lavington, ng'ambo tu ya barabara, aliyekuwa amenunua sita na kila mara alituma salamu kwa mfunga waya. Mwenye Ploti akafikiri kidogo.

"Haya. Nenda kwake. Akisema anataka waya, benchi linabaki. Akisema hajali, Jumatatu tunalivunja, na wewe utafute pa kwenda. Na usiniletee hadithi, lete barua."

Nilivaa shati la Jumapili. Mfanyakazi wa nyumba, dada wa makamo kutoka Mumias, alinifungulia, akanipeleka sebuleni, akaniambia ningoje. Nikainua macho kutazama kazi yangu.

Ndege zote sita zilikuwa hapo, kwenye mstari, zimeng'aa. Hakuna hata moja iliyokuwa na waya. Kwenye matundu yangu vilikuwa vimebaki vifundo tu, kama nywele za ndevu zilizonyolewa vibaya.

"Nani amefanya hivi?" nilimuuliza yule dada.

"Nini?"

"Waya! Waya ziko wapi?"

"Ah, zile nyuzi. Nilizikata." Aliniambia kama mtu anayesema amefua. "Kila Jumamosi mimi ndiye napanguza vumbi. Kitambaa kinashika, ndege inazunguka, inanipiga usoni. Nikachukua mkasi wa kucha."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi ile ya mwaka jana."

"Na madam alisema nini?"

"Hajaona."

"Hajaona?"

"Punguza sauti, wewe! Unataka nirudishwe Mumias kwa sababu ya uzi?"

Bibi akaingia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe ni wewe mwenye vidole! Nilidhani ni mzee." Nikamweleza kilichonileta. Akashangaa mno, akainua kidole juu, moja kwa moja kwenye ghorofa ya tatu.

"Waondoe waya? Hapana! Hizo ndizo zinanifurahisha. Jioni nakaa kiti hiki nikiziangalia tu."

Nilitazama alikoelekeza kidole. Palikuwa hewa tupu. Nikamtazama yule dada, naye alikuwa akitazama sakafu, mkono umekamata aproni. Nilisema, "Asante, madam." Aliandika barua hapo hapo, kwa mwandiko mzuri: waya ndizo roho ya ndege hizi.

Mwenye Ploti aliisoma mara mbili.

"Barua imeongea," akasema. "Kama ndivyo wanavyopenda, mahali pa waya moja weka mbili. Zote mbili mbili, kuanzia kesho!"

Nilimngoja Fundi Mkuu mchana wakati wa kula githeri, nikamvuta uani na sahani yake, nikamweleza yote. Hakushangaa kuhusu mkasi. Hakushangaa kuhusu bibi. Aliuliza jambo moja tu.

"Mabawa yalikuwa yamelala?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikayaona tena yale mabawa kumi na mawili.

"Hapana. Yalikuwa yamenyooka."

"Nilijua."

"Ulijua nini, Jaduong'?"

"Tangu tuliposhika lehemu. Spoki ikilehemiwa, inasimama yenyewe. Waya hazibebi kitu."

"Miaka mitatu? Miaka mitatu nafunga, napima sauti, nawasha udi, na hazibebi kitu?"

"Zilikuwa zinakubeba wewe," akasema, akaendelea kula. "Mwenye Ploti alipoleta kile chuma, aliniuliza kama waya zina haja. Nikamwambia bila waya itaanguka. Ulitaka nimwambie nini? Hukujua bati, hukujua rangi."

Niliketi juu ya debe. Nimepigwa na mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuketi vile.

Tangu hapo nimefanya kazi Thika, Eldoret, Malaba na kwingine, na sijatulia popote. Vidole vyangu bado vinakumbuka, na nikiona uzi uliokazwa lazima niuguse kwa ukucha. Nanyi mnaojifunza kufunga leo, mnaonunua vifaa vizuri dukani, nawapa ushauri ambao hakuna aliyenipa. Kila mwezi chukua kazi yako moja uliyoimaliza, kata waya moja, utazame bawa. Likilala, endelea na kazi. Lisipolala, usidanganywe na salamu za wateja.

Mimi nilifunga waya mbili mbili kwa wiki moja. Zilikuwa nadhifu. Ijumaa nikamwambia Mwenye Ploti naondoka, akanikodolea macho.

"Barua umeleta mwenyewe! Benchi ni lako! Una wazimu?"

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumuaga Fundi Mkuu. Alikuwa anashikilia spoki kwa koleo, risasi ya lehemu ikiyeyuka, na hakuinua uso mpaka ilipoganda.

"Huko uendako," akasema, "tafuta kazi ambayo ukiiachilia, kitu kinaanguka."

Nikamwachia benchi, sindano yangu ya nyavu juu yake, na ghorofa moja yenye waya upande wa kulia tu. Nikatoka kupitia uani. Nilitembea hadi barabarani nikitega sikio, na nyuma yangu sikusikia kitu kikianguka.