Mkate wa Mtu Mmoja

Baba aliishi miaka yake ya mwisho bila meno, na mimi, binti yake ambaye hakuolewa, nilipika kwa ajili ya fizi zake. Viazi nilivipondaponda na maziwa. Maharagwe niliyachemsha hadi yakawa uji. Pilipili haikuingia nyumbani mwetu kwa sababu ilimkohoza. Nilikula alichokula, na sikuwahi kujiuliza kama nakipenda.

Alikufa wakati wa mvua, hapa kijijini kwetu Karuba. Majirani walileta ndizi, majani ya muhogo ya kupika sombe, na kuni, wakakesha nasi, halafu wakarudi kwenye mashamba yao. Kaka yangu naye akarudi Goma na mke wake. Jioni ile nilipika sufuria nzima ya viazi, nikaviponda, nikatia maziwa, nikachukua bakuli la baba. Ndipo nikakumbuka. Vile viazi niliwamwagia kuku wa jirani.

Baada ya hapo niliacha kupika. Nilichemsha mara moja viazi vya siku kadhaa, nikavila baridi, nimesimama jikoni. Kuwasha moto kwa ajili yangu tu nilikuona ni kupoteza kuni. Huku kwetu chakula unampelekea mtu. Mwanamke anayejipikia kitu kizuri akakila peke yake, watu watasema ni mchoyo, ao kuna kitu anaficha. Nguo zilianza kuninong'inia. Siku milio ya risasi iliposikika upande wa Ngungu, majirani walifunga mizigo yao wakakaa tayari. Mimi sikufunga chochote.

Aliyeniona nimekonda ni mwanamke wa duka la barabarani, mfanyabiashara kutoka Butembo. Nilikuwa nimekwenda kununua sabuni.

“Dada, unakula nini siku hizi?”

“Niko nakula.”

“Sikuuliza kama unakula. Nimeuliza nini.”

Niliweka pesa ya sabuni mezani.

“Haya, unapenda kula nini?”

Nilisimama pale na sabuni mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi, sijui ninachopenda.

Alinipeleka nyuma ya duka, mahali alipooka mikate ya kuuza. “Mimi pia nakula peke yangu,” alisema, “tangu mume wangu auawe njiani akileta mizigo yetu. Mukate ya kuuza naoka asubuhi. Ya kwangu naoka jioni, kisha kufunga duka. Ile naweka mayai.” Alisema hivyo bila kuinua macho, mikono imezama kwenye unga. Kisha akanionyesha: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake sufuria ndogo yenye donge la unga, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Akanifungia unga na hamira, nikaenda navyo nyumbani.

Mkate wangu wa kwanza uliungua chini na katikati ukabaki mbichi. Niliukwangua, nikala sehemu iliyoiva, ile ya pembeni, ngumu na yenye harufu ya moshi. Nikaona napenda kitu kinachopigana na meno. Juma lililofuata nilipika maharagwe nikayaacha mazima. Nikanunua pilipili. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, nikaongeza nyingine. Nilinunua pia kipande cha jibini kwa wafugaji wa juu kilimani, nikakiweka juu ya mkate moto, kikayeyuka, nikala hadi nikaona aibu, ingawa hakuna aliyeniona.

Kaka alipokuja kuangalia shamba, alinikuta nikiondoa makaa kwenye kifuniko.

“Kuna wageni?”

“Hapana.”

“Sasa unapikia nani?”

“Napika ya mimi mwenyewe.”

“Mukate muzima?”

“Muzima.”

Alitazama sufuria. “Mama hakufanya hivi hata siku moja,” alisema.

“Najua.” Mama alikula ukoko, amekaa karibu na moto, sisi tukiisha kushiba. Wote wawili tulikumbuka. Nilimkatia kipande. Alikula akaomba kingine, nami nikampa, nikaona nimekitoa kwa uzito kidogo.

Halafu vita vilisogea. Barabara ilifungwa, malori hayakupanda tena. Mwanamke wa duka alitoa bidhaa kwenye rafu zake, akapakia alichoweza juu ya pikipiki. Tuliagana kando ya barabara. “Hamira iliyobaki iweke pakavu,” aliniambia, na hakusema kwaheri. Sijasikia kama alifika Butembo. Nimeuliza wapita njia, wanatikisa kichwa.

Unga wa ngano umeisha. Sasa nachanganya unga wa mahindi na ndizi mbivu. Mkate hauumuki vizuri, unatoka mzito kama tofali. Kuna siku milio inakuwa karibu, nauacha motoni nikakimbilia kwenye migomba, na nikirudi nakuta umekuwa makaa tu. Jana nilibahatika. Niliukata kabla haujapoa, ukabomoka wote, nikaula kwa kijiko, polepole, mpaka ukaisha.